Karakana ya Malindi Inayooka Bodi Kabla ya Kuitengeneza: Kazi Safi, Bango Lenye Kosa

Kitu cha kwanza anachokifanya fundi wa karakana hii akishaipokea bodi ya kompyuta ni kuioka. Haipulizii moto wala haigusi kwa pasi ya kulehemu. Huiweka ndani ya tanuri dogo la umeme, la aina ile ile ambayo majirani zetu huokea keki za Idi, hukizungusha kitufe hadi nyuzi 125, huandika saa katika daftari lililochakaa, kisha hurudi kwenye kikombe chake cha kahawa. Mteja aliyezoea kuona kipakatalishi, au laptopu kama tunavyoiita mitaani, kikifunguliwa, kikipulizwa na kurudishwa mkononi mwake ndani ya nusu saa, hudhani kwamba anachezewa shere. Nami nilidhani hivyo siku ya kwanza, na kama nisingekuwa nimekwisha kuumizwa mahali pengine, ningeuchukua mzigo wangu nikaenda zangu.

Karakana yenyewe iko Malindi mjini, katika kichochoro kilicho nyuma ya soko la zamani, ghorofa ya chini ya nyumba ya mawe ambayo kuta zake nene huufanya ubaridi wa alfajiri udumu hadi karibu na adhuhuri. Haina jina mlangoni. Ndani mna meza tatu, rafu za bodi zilizokufa, mzee ambaye ndiye mwenye kazi, kijana anayejifunza kwake, na bango lililoandikwa kwa mkono ambalo nitalirudia, kwa sababu ndilo lililoifanya tathmini hii iwe ndefu kuliko nilivyokusudia.

Kisa changu ni cha kawaida. Mimi ni mwalimu wa fizikia na kemia katika shule ya upili, na skrini ya kipakatalishi changu ilianza kujaa mistari wakati wa masika, wiki moja kabla ya siku ya kuwasilisha alama za wanafunzi. Fundi wa kwanza niliyemwendea, ambaye hayuko Malindi na sina haja ya kumtaja, aliipulizia chipu ya picha hewa ya moto kwa dakika chache, akanitoza shilingi 1,500, na mashine ikafufuka. Ilikaa siku 18. Ilipokufa mara ya pili haikuonyesha hata ile mistari, na pembeni mwa chipu plastiki ilikuwa imevimba kama chapati iliyoachwa kikaangoni. Moto ule haukuwa umetengeneza kitu. Uliyasukuma tu maungio yaliyopasuka yakagusana kwa muda, na papo hapo ukaifanyia chipu madhara mapya.

Sasa bango. Linasema hivi, kwa herufi kubwa za rangi nyekundu: “Tunaoka bodi ili kukiimarisha kioo cha ndani ya chipu.” Kwamba ndani ya chipu mna kioo ni kweli, na wateja wengi hawalijui hilo, kwa hiyo naisifu karakana kwa kulitaja. Kwamba joto hukibadilisha kioo hicho ni kweli pia. Kosa liko katika kuyaunganisha mambo hayo mawili na tanuri la nyuzi 125, na kwa kuwa kosa hilo linaweza kumfanya mtu aende nyumbani akaioke bodi yake katika jiko la mkewe akitarajia miujiza, naomba nilieleze kwa urefu.

Chipu ni kipande cha silikoni chenye mamilioni, na siku hizi mabilioni, ya transista, yaani swichi ndogo mno za umeme, zilizounganishwa kwa nyaya nyembamba mno za alumini au shaba zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Nyaya hizo zingegusana kila mahali kama hazingetenganishwa na tando za kioo, yaani silika, dutu ile ile iliyomo katika mchanga ambao mto Sabaki hutuletea pwani kila mvua zinaponyesha bara, ambayo haipitishi umeme. Utando ulio bora kuliko yote hauwekwi juu ya silikoni bali huoteshwa kutokana nayo. Kisahani cha silikoni huingizwa katika tanuri la nyuzi 800 hadi 1,200, oksijeni au mvuke wa maji ukapitishwa juu yake, na uso wake ukageuka kioo pole pole, mfano wa chuma kinavyoota kutu, isipokuwa kutu hii humlinda mwenyewe badala ya kumla. Humla kidogo, kusema kweli: kwa kila nanomita 100 za kioo kinachoota, takriban nanomita 44 za silikoni huliwa. Oksijeni kavu hukiotesha kioo taratibu na kukifanya kishikamane sana. Mvuke hukiotesha upesi zaidi, lakini kioo chake huwa na msongamano mdogo kidogo. Utando mzuri wa namna hii huvumilia karibu volti moja kwa kila nanomita ya unene wake kabla ya umeme kuutoboa.

Jambo hili liligunduliwa kwa ajali. Mwaka 1955 katika maabara za Bell nchini Marekani, Carl Frosch na Lincoln Derick waliona kwamba visahani vyao vya silikoni vimetoka tanurini vikiwa vimefunikwa na utando wa kioo ambao hawakuukusudia. Miaka michache baadaye, Mohamed Atalla, mhandisi aliyezaliwa Port Said nchini Misri, alionyesha kwamba kioo kilichooteshwa kwa joto huutuliza uso wa silikoni, na mwaka 1959 yeye na Dawon Kahng wakaunda transista ambayo takriban kila chipu ya leo imejengwa kwa ukoo wake. Huwaambia wanafunzi wangu habari za Atalla kila mwaka, kwa sababu wengi wao hudhani kwamba hakuna mtoto wa Afrika aliyeweka mkono katika kazi hii.

Nilipoyasema haya mbele ya mzee, hakubishana. Aliinuka, akafungua kopo lililokuwa la majani ya chai, akanitolea kipande cha kisahani cha silikoni kilichovunjika, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba. “Kishike dirishani, Mwalimu,” akasema. Nilipokitazama moja kwa moja kilikuwa cha kijani. Nilipokiinamisha kikageuka buluu, kama mafuta ya injini ya mashua yanavyobadilika juu ya maji ya bandarini. Hapakuwa na rangi yoyote pale. Ni unene wa kioo tu, theluthi moja hivi ya sehemu ya elfu ya milimita, unaoipokea nuru na kuirudisha kwa hesabu yake, na mafundi wa viwandani waliwahi kuusoma unene huo kwa macho wakilinganisha na jedwali la rangi. Nilimwomba aniuzie kipande kile kwa ajili ya darasa. Akakataa, na simlaumu.

Tanuri la nyuzi elfu moja, hata hivyo, halitumiki hadi mwisho wa kazi. Zikishawekwa nyaya za alumini, mambo hubadilika, kwa kuwa alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, na ikigusana na silikoni mchanganyiko wao huanza kuyeyuka kwa nyuzi 577. Ndiyo maana tando za kioo zinazokuja baada ya nyaya haziwezi kuoteshwa. Huwekwa kutokana na gesi zinazochangamshwa kwa umeme, kwa nyuzi kama 300 hadi 400 hivi. Kioo cha namna hii ni kichanga. Kina hidrojeni iliyonaswa ndani yake, kina mabaki ya maji, na asidi inayomung'unya kioo hukila upesi kuliko inavyokila kile kilichooteshwa. Kikitiwa joto la kutosha, maji na hidrojeni hutoka, kioo husinyaa, msongamano wake huongezeka na asidi ile hushindwa kukila kwa kasi ya awali. Hapo ndipo neno “kuimarisha” lina haki yake.

Lakini kusinyaa kuna gharama. Utando uliong'ang'ania silikoni hauwezi kusinyaa kwa uhuru, kwa hiyo huvutika, na ukivutika kupita kiasi hupasuka. Tena kila kitu ndani ya chipu hutanuka kwa kipimo chake: ukichukua fimbo ya mita moja na kuiongezea nyuzi 100, ya silika itarefuka kwa milimita 0.05, ya silikoni kwa milimita 0.26, na ya alumini kwa milimita 2.3. Vitu vitatu vyenye tabia hizo vimefungwa pamoja, kimoja juu ya kingine, na kila vinapopashwa na kupozwa vinavutana. Aliyewahi kuona lipu ya chokaa iliyopigwa nene na kukaushwa juani kwa siku moja anaijua sura ya nyufa zake.

Kuna kioo cha aina ya tatu, ambacho kwa mkazi wa pwani kina mvuto wa pekee, kwa sababu habari yake ni habari ya chumvi. Sodiamu, ile iliyomo katika chumvi ya mashamba ya Gongoni na katika jasho la vidole, huweza kutembea ndani ya kioo cha silika, na katika miaka ya 1960 iliwasumbua watengenezaji mno, kwa sababu transista iliyopimwa asubuhi ilikuwa na tabia nyingine jioni. Dawa mojawapo ilikuwa kuchanganya fosforasi katika kioo, nayo huinasa sodiamu isiendelee na safari. Kioo chenye fosforasi kina faida nyingine: kikitiwa moto wa nyuzi elfu moja na zaidi hulainika na kutiririka kidogo, kikasawazisha mabonde na vilima vilivyo chini yake, na kikiongezwa boroni hutiririka kwa nyuzi 850 hadi 950, jambo linaloziokoa sehemu nyingine na joto la bure. Fosforasi ikizidi, nayo huvuta unyevu, unyevu ukazaa asidi, asidi ikala alumini. Waashi wetu wanaochanganya lipu kwa mchanga wa baharini wanajua ni hasara gani kuvuta unyevu ukutani.

Moto wa mwisho kiwandani ni wa nyuzi 400 hadi 450, kwa muda wa nusu saa hivi, katika naitrojeni iliyochanganywa na hidrojeni kidogo. Pale kioo kinapokutana na silikoni kuna atomu zilizobaki bila mwenzi wa kushikana naye, na hidrojeni huja ikazishika. Huo ndio moto mpole kuliko yote unaokitibu kioo cha chipu, na hata huo umezidi mara tatu kipimo cha tanuri la kichochoroni kwetu. Kwa nyuzi 125 kioo hakisikii chochote. Kimezaliwa katika moto mkali zaidi ya huo.

Basi tanuri linafanya nini? Linafanya kazi ya maana sana, ila si ile iliyoandikwa bangoni. Chipu imefunikwa kwa plastiki nyeusi, na plastiki hunywa unyevu wa hewa. Katika mji ambao chumvi hulowa mezani na viberiti hukataa kuwaka, hunywa hadi ikashiba. Chipu iliyoshiba maji ikipandishwa ghafla hadi nyuzi 240, maji yale hugeuka mvuke, hukosa njia ya kutokea, na hupasua kama bisi. Plastiki hubanduka kutoka kwenye silikoni, nyuzi za kuunganishia hukatika, na wakati mwingine ufa huvuka hadi kwenye tando za kioo zenyewe. Uvimbe nilioubeba kutoka kwa fundi wa kwanza ulikuwa huo. Kuoka kwa nyuzi 125 kwa saa nyingi, saa 24 katika hali yangu, huyatoa maji taratibu kabla ya moto mkubwa. Chipu za kisasa zinahitaji uangalifu huu zaidi, kwa sababu kati ya nyaya zao za shaba siku hizi huwekwa kioo kilichotiwa kaboni, na kingine chenye vitundu, ili ishara za umeme zipite kwa wepesi ndani ya nyaya hizo. Kioo hicho ni dhaifu kuliko silika tupu, na ufa hukipenda.

Jambo la pili lililonifurahisha ni kwamba kabla ya kutia moto wowote, kijana aliichomoa diski yangu akanikabidhi mkononi, kisha akaisoma ile chipu ndogo ya kumbukumbu inayoiamsha mashine, akayahifadhi maandishi yake katika kompyuta ya karakana. Wengi hawafanyi hivyo. Kumbukumbu ya aina hii, ambayo Fujio Masuoka wa Toshiba aliitangaza mwaka 1984, huhifadhi habari kwa kufungia chaji za umeme nyuma ya utando wa kioo wenye unene wa nanomita kama 8 hadi 10, na joto huzisaidia chaji kutoroka. Kioo kilichochoshwa na kuandikwa na kufutwa mara nyingi huvuja zaidi. La ajabu ni kwamba joto lile lile linalopoteza habari linaweza kukiponya kioo: mwaka 2012 kampuni ya Macronix ya Taiwan ilionyesha kumbukumbu yenye vipashio vidogo ndani yake, vinavyokipasha kioo hadi nyuzi 800 kwa milisekunde chache na kukirudishia uhai, hata ikastahimili kuandikwa mara milioni 100. Bado moto huo ni wa mahali padogo na wa kitambo kidogo sana. Haufanani na hewa ya moto inayopulizwa bodi nzima.

Kazi yenyewe ya kubadilisha chipu niliitazama mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa mzee hafukuzi watazamaji. Aliiweka bodi juu ya kipashio cha chini hadi ikafika nyuzi 150, akabandika waya wa kupimia joto ubavuni mwa chipu kwa utepe wa manjano usioungua, ndipo akaanza kuleta hewa ya juu, nyuzi mbili kwa sekunde, macho yakiwa kwenye namba na si kwenye bodi. Namba zilipopita 217, ambapo lehemu isiyo na risasi huyeyuka, aliigusa chipu mpya kwa ncha ya kibano. Chipu ikaelea kando kwa upana wa unywele, kisha ikarudi yenyewe mahali pake, ikivutwa na lehemu iliyoyeyuka chini yake. Kufikia 238 akaondoa moto. Kijana alikuwa ameshanyanyua kipepeo aipepee. “Wacha,” mzee akamwambia bila kugeuka, “imepanda polepole, na ishuke hivyo hivyo.” Tukakaa wote watatu tukiitazama kama watu wanaongojea chungu kiteguliwe.

Katika kungoja huko mzee alinieleza kwamba utotoni alikuwa akiyaona kwa mbali majukwaa ya San Marco huko Ngomeni, ambako Waitaliano walirusha setilaiti kuanzia mwaka 1967, na kwamba alikuwa mwanafunzi wakati setilaiti iitwayo Uhuru iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970. Nami nikamwambia kwamba huko juu adui wa tando za kioo si unyevu, bali mnururisho, unaoacha chaji zilizonaswa ndani ya kioo na kuzipotosha transista, na kwamba joto huweza kuziondoa baadhi ya chaji hizo. Habari hiyo ilimpendeza kuliko zote nilizomletea.

Dosari zipo. Niliahidiwa siku mbili, nikapata siku nne, kwa sababu stima ilikatika usiku wa kuoka na mzee akaamua kuanza upya badala ya kukisia; uamuzi ulikuwa sahihi, lakini angenipigia simu nisingefunga safari ya bure. Risiti hutolewa ukiidai. Bei si ya kila mtu: nililipa shilingi 8,500 pamoja na chipu mpya, na kwa mashine iliyozeeka huenda fedha hizo zikawa bora zielekezwe kwingine, mzee mwenyewe alimwambia hivyo mteja aliyekuwa mbele yangu, akamrudisha bila kumtoza. Anayetaka kazi ya nusu saa asiende. Anayeleta simu iliyoanguka baharini aende siku hiyo hiyo, kabla ya chumvi kuota kijani kwenye miguu ya chipu, kwa sababu kioo kilichotengenezwa kuilinda silikoni hakiwezi kuilinda bodi. Hufunguliwa saa tatu asubuhi, hufungwa wakati wa sala ya Ijumaa, na dhamana yao ni ya miezi mitatu. Kipakatalishi changu kimemaliza wiki ya 11 bila mstari hata mmoja.

Nilipopita wiki iliyopita kudai risiti yangu, bango lilikuwa pale pale. Kijana alikuwa amepiga mstari juu ya maneno “kukiimarisha kioo cha ndani ya chipu” na juu yake akaandika, kwa kalamu ya buluu na kwa hati inayopanda kilima, “kuikausha plastiki”. Mzee alisema rangi nyekundu imekwisha.